Taa za Malori Chini ya Kilimia

Nilishuka kutoka Moyale juu ya lori la ng'ombe, mwanzoni mwa mwaka ule ambao mvua ya El Nino ilikuwa imekata barabara za nchi nzima. Lori la mifugo huwa na vyuma vilivyopitishwa juu, kutoka ubavu mmoja hadi wa pili, na huko juu ndiko tulikokaa sisi tuliopewa lifti, miguu ikining'inia karibu na pembe. Kazi yetu ilikuwa moja. Ng'ombe akilala, ashuke mtu katikati ya kwato amvute mkia mpaka asimame, maana anayelala safarini hukanyagwa na wenzake. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, cheti cha kidato cha nne ndani ya mfuko wa nailoni, na kamera ya filamu niliyoinunua mkononi kwa fundi wa barabara aliyekuwa anarudi kwao.

Mwenye ng'ombe alikaa mbele na dereva. Alikuwa mfanyabiashara wa mifugo kutoka Kaskazini Mashariki, ndevu zake zimepakwa hina. Nilikuwa nikimwekea chai katika hoteli moja ya Moyale. Siku moja aliniuliza ninangoja nini pale. Nikaendelea kumimina chai.

"Warya," akasema, kama Wasomali wanavyomwita kijana, "basi panda."

Kati ya Turbi na Marsabit kuna jangwa la mawe meusi, halina hata mti wa kumficha sungura. Tulikuwa tukienda kwa msafara, polisi mbele na nyuma, kwa sababu ya majambazi, na usiku mmoja msafara ulisimama tukaamriwa kuzima taa zote. Hakuna aliyetuambia kwa nini. Tulikaa juu ya vyuma bila kukohoa. Nikainua macho, na nyota zilikuwa nyingi kiasi cha kunitia hofu, zimeshuka mpaka usawa wa mabega yetu. Nikaegemeza kamera kwenye chuma, nikafungua lenzi, nikaiacha wazi. Filamu ile iliposafishwa baadaye ilitoa mikwaruzo mitupu, kwa sababu chini yake ng'ombe walikuwa wanapumua na kulitikisa lori.

Mzee mwenye ng'ombe, kule mbele, alinisikia nikihangaika. "Unapiga nini huko juu?"

"Nyota."

"Hazina mwenyewe?"

"Hazina, mzee."

"Piga basi. Cha mwenyewe usipige."

Tulichukua karibu wiki nzima kufika. Nakumbuka Isiolo kwa vumbi na Thika kwa mvua, kisha Nairobi tuliyoipita alfajiri bila kusimama. Ng'ombe walishushwa Kitengela, kwenye zizi lililokuwa nyuma ya machinjio, nami nikashuka nao. Mzee alikuwa na duka na stoo pale. Akaniambia nilale stoo mpaka nijue ninakokwenda. Sikujua kwa miaka mingi.

Kitengela ya wakati huo ilikuwa lami moja, maduka ya mabati huku na huku, na nyuma ya choo cha mwisho mbuga ilianza. Punda milia walikuja hadi kwenye kamba za nguo. Jioni ukigeuka kaskazini uliona mwanga wa viwanda vya saruji, na nyuma yake mwanga mkubwa wa Nairobi, kama nyumba inayoungua mbali. Ukigeuka kusini, upande wa Kajiado, kulikuwa giza tupu. Mimi nilikaa nikitazama kusini.

Nilipata kazi kwa mama mmoja kutoka Murang'a aliyekuwa na studio ya picha karibu na steji ya matatu. Alikuwa mcheshi na mkali kwa pamoja, na ukutani kwake kulitundikwa kitambaa kilichochorwa maporomoko ya maji na ndege ya abiria ikipita juu yake. Watu walisimama mbele ya ndege hiyo wakiwa na nguo za Krismasi. Nilipiga picha za vitambulisho, harusi na mazishi, na pesa zote za filamu yangu zikaishia angani. Mama alinipa jina.

"Bwana Nyota," alikuwa akisema mbele ya wateja, "huyu anaweza kukuacha na shela yako hapo kanisani aende kupiga mwezi."

Kamera za dijitali zilipoingia aliuza jenereta akanunua kompyuta, na kile kitambaa kikawekwa stoo. Sasa mteja alipigwa mbele ya ukuta mweupe, kisha ukuta ukatolewa kwa kompyuta na kuwekwa bahari, au bustani, au gari ambalo mteja hajawahi kuligusa. Kompyuta ilikuwa ndogo. Sheria ya mama ilikuwa kwamba picha ikishachukuliwa na mwenyewe inafutwa siku hiyo hiyo. Sheria hiyo ilinitia wasiwasi, kwa sababu picha zangu za nyota hazikuwa na mwenyewe wa kuja kuzichukua. Kwa hiyo nilizificha humo humo, ndani ya folda niliyoiita Mazishi. Nilijua hakuna mtu anayefungua kitu chenye jina hilo kwa kupenda.

Mahali nilipokuwa nikipigia picha palikuwa mbele ya Bisil, ndani kabisa kutoka barabara ya Namanga, kwenye mto wa mchanga. Mto huo hutiririka siku chache kwa mwaka. Siku nyingine zote ni njia pana ya mchanga mweupe kati ya migunga, na maji yake yamelala chini. Ukiondoa mchanga, maji hayana pa kulala. Hilo nilifundishwa na mama wa Kimaasai ambaye boma lake lilikuwa kwenye kona ya mto, mjane, mrefu, aliyenikuta jioni ya kwanza nikipigilia miguu ya stendi yangu karibu na kisima chake.

"Yeyo, takwenya," nilimsalimu, kwa Kimaa nilichookota sokoni, yeyo maana yake mama.

"Iko," akaitikia kwa Kimaa. Alizunguka kamera, akaichungulia. "Unachunga nini hapa, layioni? Hizo nyota ziko na maziwa?"

Layioni ni mvulana ambaye hajatahiriwa. Nilikuwa na ndevu. Aliendelea kuniita hivyo miaka yote, na akicheka alifunika mdomo kwa ncha ya shuka.

Kisima chake alikichimba mwenyewe, vidaraja vya kukanyagia vikishuka ndani ya mchanga mpaka kwenye maji ya rangi ya chai. Kila jioni, mbuzi wakishakunywa, alilaza tawi moja la miiba mdomoni mwa kisima. Tawi moja tu, ambalo mtoto angeweza kuliondoa. Lakini kwa watu wa pale tawi hilo lilikuwa kufuli. Hata katika kiangazi kibaya, mtu na ng'ombe wake waliokauka angepita na kwenda kuomba kwa mwenyewe. Nilimwuliza kama limewahi kuondolewa. Akanitazama kama niliyemwuliza kama ana mkia.

Yeye ndiye aliyenionyesha Kilimia kwa jina lao, Inkokua, lile fungu dogo la nyota ambalo mvua ndefu huitwa kwa jina lake. Mwaka wa ukame ninaousimulia hapa, Kilimia kilifika pale pale panapotakiwa, na mvua haikuja. Ng'ombe walianza kuanguka kando ya lami kuanzia Isinya kwenda chini. Harufu yao ilifika Kitengela, na huko hakuna aliyeijali, kwa sababu Kitengela ilikuwa inajengwa. Kila ukiamka ghorofa nyingine imetoa kichwa. Ghorofa hula mchanga.

Wazee wa kona ile walikuwa wamelikataza lori lolote lisichote mchanga pale, kwa sababu ya visima. Kila mtu aliitikia, hata mwenye malori, mtu wa mjini ambaye nilikuwa nimemsikia tu. Lakini kisima cha yeyo kilianza kushuka. Aliongeza kidaraja, kisha kingine. Asubuhi aliona alama za magurudumu juu ya mchanga, na alipolalamika aliambiwa ni gari la watalii. Mwenye malori alisema malori yake hulala Kitengela.

Mpiga picha wa usiku huacha lenzi wazi kwa dakika nyingi, na gari likipita mbali huifunika kwa kofia mpaka taa zipite. Nilikuwa na kofia nyeusi ya sufu kwa kazi hiyo. Jioni moja baada ya giza kuingia nilifungua lenzi kuelekea magharibi, Kilimia kikielekea kushuka juu ya kilima cha mbele ya boma, kisha yeyo akaniita chai. Nilikunywa nikisikia ngurumo za chini chini, nikadhani ni radi, nikafurahi. Niliporudi kofia ilikuwa bado mfukoni mwangu. Kwenye kioo kidogo cha kamera nyota zilikuwa zimevutika kidogo tu, na chini yao, kutoka ukingo hadi ukingo wa mto, ilipita mistari minne ya taa nyekundu, ikishuka mchangani na kuzunguka kisima.

Nilimpelekea kamera. Akafuatisha mistari kwa kidole.

"Hiyo ni kilima yangu," akasema. "Na hizo ni hao wa mchanga."

"Ni hao, yeyo."

"Basi weka. Usipoteze. Wakisema mimi ni mama mzee anaota, nitaonyesha hiyo."

Hivyo ndivyo picha zangu zilivyopata mwenyewe. Nilirudi tena mara kadhaa, sasa bila kofia, nikipata mistari zaidi, na kila mara niliiweka kwenye Mazishi. Sikumwambia mama wa studio. Jioni moja nikiwa mtoni taa zilisimama njiani, zikazimika, na mlango wa lori ukafungwa polepole. Nililala kifudifudi juu ya betri nilizokuwa nazipasha joto kwapani ili baridi isizimalize. Hakuna aliyetembea wala kusema. Walikuwa wanasikiliza, kama nilivyokuwa nasikiliza mimi.

Kisha akaja studio mteja aliyetaka picha moja zaidi ya mazishi ya baba yake. Sikuwepo. Mama alifungua kompyuta, akaona folda yenye jina lile lile analolitafuta, akaifungua.

Niliporudi alikuwa anang'aa uso. "Haiya! Bwana Nyota, kumbe uko na mali na unanyamaza?"

Alikuwa ameshawaweka maharusi wawili mbele ya anga yangu. Wiki hiyo watu waliacha bahari na bustani, wote wakataka nyota. Akachagua ile yenye mistari minne, kwa sababu chini ilikuwa, kwa maneno yake, kama mto wa moto, akaikuza, akaitia fremu, akaiweka dirishani kutazama steji. Nilimwomba aitoe. Akauliza kwa nini. Nikaanza kueleza, wateja wakaingia, na maelezo yangu yakabaki kinywani.

Ilikaa dirishani siku chache tu. Mtu mmoja alikuja kutaka picha za pasipoti. Viatu vyake havikuwa na vumbi, jambo gumu Kitengela. Nilimkalisha, nikampiga, na wakati mama anachapisha alisimama dirishani, mikono nyuma.

"Hii mlipigia wapi?"

"Ni ya kijana wetu hapa," mama akasema kwa fahari. "Huenda huko Bisil kulala na fisi. Si maridadi?"

"Maridadi sana. Hiki kilima nakijua." Akageuka kwangu. "Na hizi taa?"

"Magari tu," nikasema.

"Magari tu." Akatabasamu. Aliinunua bila kubishana bei, akaitoa kwenye fremu, akaikunja mara mbili palepale, karatasi ikalia, akaitia mfuko wa koti. Fremu akaiacha juu ya meza. Mlangoni akasimama. "Na hizo zingine unaweka wapi?"

"Zingine gani?"

"Kijana, mtu hapigi moja."

Alipoondoka mama aliendelea kuitazama ile fremu tupu. "Huyo ni mwenye malori ya mchanga," akasema. "Ndiye aliyeleta mchanga wa kujengea hii plot yetu." Kisha sauti ikashuka. "Umenifanyia nini?"

Siku hiyo hiyo nilinakili picha zote kwenye diski mbili. Kompyuta ilikuwa na virusi vya kila aina, stima ilikuwa ikipotea kila saa, na diski ikikatika katikati nilianza upya. Moja niliishona ndani ya godoro. Ya pili nilimpelekea mzee wa mifugo, nikamweleza yote. Alinisikiliza huku akipunga nzi.

"Nilikuambia cha mwenyewe usipige."

"Mto si wake, mzee."

"Kwani nilisema wake?" Alifungua sanduku lake la chuma, lile alimokuwa akiweka msahafu na hati za duka, akaingiza diski kati ya vitambaa, akalifunga. "Sasa wewe uache kulala mlango ukiwa wazi."

Sikulala mlango ukiwa wazi, lakini haikusaidia. Asubuhi moja nilisukuma mlango wa chumba changu ukakataa. Nikasukuma kwa bega. Chini ya mlango ukaingia mchanga mweupe, laini, unaomiminika kama kitu hai. Walikuwa wamekuja usiku na kumwaga nusu lori mlangoni mwangu, nami sikusikia. Majirani walinitoa kwa sepetu, wakicheka.

"Bwana Nyota, unajenga? Hukutuambia!"

Nilicheka nao. Niliinama nikachota konzi moja. Mchanga huo ulikuwa na kokoto ndogo nyekundu nilizozijua, zile za kona ya mto. Mwenye nyumba aliuchukua akapiga plasta choo.

Studio ilivunjwa baada ya hapo. Wezi walichukua sanduku la kompyuta peke yake. Skrini, printa na kamera mbili viliachwa mezani, vimepangwa vizuri. Mwizi wa kawaida wa Kitengela haachi skrini, na kila aliyekuja kutupa pole aliliona hilo akabadilisha mazungumzo. Chumbani kwangu godoro lilikuwa limepasuliwa. Mama wa studio hakunifokea. Hilo ndilo lililoniumiza.

"Mimi niko na watoto," alisema. "Mambo ya nyota yatoe kwangu."

Ilibaki diski ya mzee. Yeyo alikubaliwa kumwona afisa mmoja wa serikali Kajiado mjini, na tukaenda watatu, mzee akiwa na diski ndani ya kanzu, kwenye ngozi, kama hirizi. Yeyo alikuwa amevaa shanga zake zote. Njiani alisema jambo moja: kisima kilikuwa kinatoa ndoo mbili kwa siku, na za matope. Mbuzi wachanga walikuwa wamekwisha.

Afisa alikuwa mpole. Alitupa viti. Kompyuta yake ilikoroma muda mrefu juu ya ile diski, na mimi nikiomba, na mzee midomo ikimcheza. Ikafunguka. Picha zote zilikuwepo, hata moja haikuharibika. Kilimia, kilima, mgunga, mistari. Nilimgeukia yeyo nikicheka.

"Hii ni nini?" afisa akauliza.

"Malori," nikasema.

"Wapi malori?"

"Hizo taa. Kamera ikiwa wazi muda mrefu, kinachotembea hakionekani, taa zake tu ndizo zinabaki."

"Kwa hiyo lori halionekani."

"Taa zake, bwana."

"Nambari ya gari iko wapi? Dereva ni nani?" Alisogeza uso karibu na skrini, kwa haki kabisa, akapitia picha moja baada ya nyingine. "Kila gari Kenya liko na taa nyekundu nyuma."

Yeyo alisimama. "Hiyo ni kilima yangu. Hapo ni mlango ya boma yangu. Hiyo taa imepita juu ya maji yangu."

"Mama, naona kilima. Kilima hakijaibiwa."

Alitoa diski, akaifuta kwa tai yake, akamrudishia mzee kwa mikono miwili. Akatuambia tukipata picha ya mchana, yenye nambari, turudi. Nje kwenye jua mzee alinipa diski ile bila kunitazama. Tulimnunulia yeyo chai akaikataa.

Baadaye kidogo nilisikia kwamba mwenye malori amepata kibali cha kuchota mchanga. Sikuuliza kwa nani. Nilifunga nguo zangu kwenye begi, nikamwachia mzee ufunguo wa chumba, nikashuka Bisil mchana kweupe, kamera shingoni, ili niage.

Yeyo hakuwepo. Boma lilikuwa limefunguliwa, ua umevutwa upande mmoja, na jivu la jiko lilikuwa baridi. Mchungaji aliyekuwa akipita aliniambia amekwenda kwa kaka yake, ng'ambo ya mpaka, na mbuzi waliobaki na punda wawili. Kama aliniachia neno, mchungaji hakuwa nalo.

Kwenye kona ya mto mchanga ulikuwa umekwisha. Mwamba ulikuwa nje, wa kijivu, una mikwaruzo ya majembe, na pale palipokuwa kisima palikuwa shimo lenye maji ya kijani ambamo kuku asingezama. Juu kidogo malori sita yalikuwa yakipakia, wanaume vifua wazi. Nikainua kamera nikaanza kupiga. Nambari zote zilionekana, na nyuso, na jina la mtu mlangoni mwa lori, kila alichotaka afisa.

Waliponiona waliacha sepetu. Nilidhani nitapigwa. Dereva mmoja mkubwa akanyanyua mikono.

"Wee, ngoja! Ngoja tuvae mashati!"

Wakajipanga. Wengine walipanda juu ya mchanga, mmoja akalala kwenye boneti na kuegemeza kichwa kwa mkono kama bibi harusi, na yule mkubwa akasimama mbele, mguu juu ya gurudumu, akifuta nambari ya gari kwa shati lake ili ing'ae.

"Nipige na gari yote, chapa yangu ionekane. Zitakuwa tayari lini?"

"Alhamisi," nikasema. "Studio ya karibu na steji."

Niliwapiga vizuri, mara mbili, watu wa nyuma wasifichwe. Kisha, maana kibali walikuwa nacho, nikatoa kadi kwenye kamera nikampa yule dereva mkononi, nikamwambia ampe mama wa studio, atawaoshea. Akaifunga ndani ya leso kwa uangalifu mkubwa. Nilitembea hadi lami, nikasimamisha basi la Namanga, na sijakanyaga Kitengela tena.